Naomba ushauri: kupanga nyumba ya mapumziko kwenye mashamba ya mizabibu, Saint-Émilion

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Mimi na mke wangu, pamoja na mama yangu mzazi na watoto wawili, tunakusudia kukaa wiki moja mwishoni mwa Septemba karibu na Saint-Émilion, Ufaransa, katika nyumba ndogo ya mashambani ya aina ambayo wenyewe huiita gîte, ambamo mgeni hujipikia. Mama hanywi mvinyo. Anachotaka ni kuona zabibu zikivunwa.

Kinachonitatiza zaidi ni usafiri. Kutoka Paris hadi Bordeaux treni ya kasi hutumia saa mbili na dakika chache, na ipo treni nyingine ya kwenda Saint-Émilion, lakini kituo chake kiko nje ya mji, na nyumba tuliyoipenda iko mbali zaidi, katikati ya mizabibu. Je, tutaweza kuishi huko bila gari, tukiwa na mzee anayesumbuliwa na magoti, au ni lazima tukodi gari Bordeaux?

Jambo la pili ni amana. Mwaka jana, kwingineko, mwenye nyumba alitukata euro 60 kwa bakuli la udongo lililokuwa na ufa tangu tulipofika, nasi hatukuwa na picha ya kuthibitisha. Mliowahi kupanga nyumba hizi, mlikagua vyombo namna gani siku ya kupokea funguo? Na mashuka, mlibeba yenu au mlikodi kwa mwenye nyumba? Tangazo limetaja vitanda na mablanketi tu.