Mnatuambia tuwahi kliniki, tukiwahi mnaturudisha eti tumbo halijaonekana!!

Wakuu habari zenu. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu maana hili nimelibeba muda sasa na jana ndo limenifika shingoni. Nimetoka kwa daktari nikakaa kwenye benchi pale nje nikalia mpaka mama mmoja nisiyemjua akaja akanishika bega. Hii ni mimba yangu ya kwanza na nilijitahidi kufanya kila kitu kama tunavyoambiwa kila siku, wahi kliniki, wahi kliniki, usisubiri. Nikawahi. Sasa naomba mtu aniambie nilikosea wapi.

Mzunguko wangu ni mrefu, siku kama 40 hivi, kwa hiyo siku zangu zikichelewa huwa sishtuki. Zilivyopitiliza nikapima mkojo, mistari miwili ikatoka hata haikuhitaji kukaza macho. Ukihesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho (na ndivyo wanavyohesabu, sio toka siku mimba ilipotunga) nilikuwa na wiki 7. Siku tatu baadae nipo kliniki, nimeamka alfajiri, nimekaa foleni, nimeingia.

Kituo sikitaji na nesi simtaji, msiniulize hata kwa ujumbe wa faragha.

Nikamwambia sista nina ujauzito nimekuja kuanza kliniki. Akauliza wiki ngapi, nikasema 7. Akaniambia panda kitandani, akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili chini ya kitovu, haikufika hata nusu dakika, akasema "hapa hamna kitu dada yangu, hii bado changa sana inaweza hata kutoka, sasa nikufungulie kadi ya nini, rudi tumbo likionekana". Nikamwambia kuna kimaumivu nasikia huku chini upande wa kulia, akasema kawaida hiyo, mfuko unatanuka. Mashine ya presha ilikuwa pale pale mezani karibu na kiwiko chake. Hakunifunga mkono. Hakunipima uzito, hakuniuliza nimewahi kuugua nini, mama yangu alijifungua vipi, natumia dawa gani, chochote. Akaita jina la anayefuata.

Wakuu kwenye wiki ya 7 mji wa mimba bado umejificha ndani ya nyonga. Unaanza kusikika kwa mkono juu ya mfupa wa kinena karibu na wiki ya 12, na unafika usawa wa kitovu wiki ya 20 hivi. Sasa alikuwa anabonyeza nini pale?? Halafu hayo maumivu ya upande mmoja kwenye wiki ya 6, 7, 8 ndo kipindi mimba iliyotunga nje ya kizazi inapoonyesha dalili, maumivu upande mmoja, damu kidogo, wengine bega linauma au wanazimia kabisa, na mrija ukipasuka mtu anavuja damu kwa ndani mpaka anakufa. Mimi namshukuru Mungu yangu haikuwa hivyo, yaliisha yenyewe. Ila yeye hakujua. Aliniruhusu niende nyumbani akiwa hajui.

Nikakaa. Wiki ya 12 nikarudi maana nilisoma mwenyewe kwamba hudhurio la kwanza linatakiwa liwe ndani ya wiki 12. Huo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni wa 2016, walitoka kwenye mahudhurio 4 wakapandisha mpaka 8, la kwanza ndani ya wiki 12, la pili wiki ya 20, halafu 26, 30, 34, 36, 38, 40. Sio kitu cha juzi wala cha siri. Nimefika, nesi mwingine, ananiangalia kwanza tumboni hata hajanisalimia, "mbona halijatoka bado? Mimba ya kwanza hizi nyie mna haraka, rudi ukisikia mtoto anacheza". Nikajaribu kumwambia kuhusu hizo wiki 12, akaniambia "we umesoma kwenye simu, mimi nimesoma shuleni". Mbele ya watu. Nikanyamaza nikaondoka, na hapo ndo najilaumu kuliko popote, kwamba nilinyamaza.

Na kwa wasiojua, mwenye mimba ya kwanza anachelewa kumsikia mtoto kuliko aliyekwisha kuzaa, ni wiki ya 18 mpaka 20 hivi, wengine hata zaidi. Kwa hiyo kumwambia mtu wa mimba ya kwanza asubiri mtoto acheze ni kumwambia akae nusu nzima ya mimba bila kupimwa.

Nikasubiri. Mtoto akacheza, kitu kama kiputo kinapasuka chini ya kitovu, nikafurahi nikasema haya sasa watanipokea. Kwa hesabu ya hedhi nilikuwa nimefika wiki 21.

Nesi wa siku hiyo akanifunga mkono presha, akaangalia, akafungua, akaniambia kaa utulie kidogo. Akapima tena. 142/94. Baada ya muda 144/92. Akanipeleka kwa daktari. Mkojo hauna protini, afadhali. Daktari alikuwa mtu mzuri kabisa, akauliza taratibu "mwanzoni presha yako ilikuwa ngapi?" Nikamwambia sijawahi kupimwa. Akaangalia kadi ni mpya kabisa, akashusha pumzi.

Naomba msome hapa vizuri. Presha ikiwa 140/90 au zaidi kabla ya wiki ya 20, inachukuliwa kwamba mtu alikuwa nayo tangu zamani. Ikipanda baada ya wiki ya 20 ndo inakuwa ya ujauzito, na hiyo inaweza kugeuka ikaingia kwenye figo, ini, mpaka degedege, kile kifafa cha mimba. Ufuatiliaji wake unatofautiana na ndo maana daktari anataka ile namba ya mwanzo. Mimi sina namba ya mwanzo. Ile mashine ilikuwa karibu na kiwiko cha nesi wiki ya 7 na wiki ya 12.

Nikapelekwa ultrasaundi. Kwa mzunguko wa siku 40 yai linatoka kwa kuchelewa, kwa hiyo hesabu ya hedhi inadanganya. Kipimo kikasema wiki 19 na siku 3. Sasa je nimevuka wiki 20 au sijavuka?? Daktari akasema ultrasaundi ya kwenye miezi mitatu ya kwanza inakosea siku 5 mpaka 7 tu, ila kwa umri huu inaweza kukosea kama siku 10 mbele au nyuma. Yaani naweza kuwa na wiki 18 au karibu 21. Kwa hiyo hatujui presha ilianza lini na hatujui hata sasa hivi niko wiki ya ngapi kwa uhakika, na vyote viwili vilikuwa vinajulikana kirahisi kabisa kama ningepokelewa mara ya kwanza. Na tarehe ya kujifungua nayo ndo hivyo hivyo, mwisho wa safari wakitaka kuamua mtoto atolewe mapema kwa sababu ya presha watakuwa wanakisia wiki.

Halafu ndo akauliza kuhusu mama. Mama yangu alipata kifafa cha mimba kwa mimba yake ya kwanza, yaani mimi. Anasimulia alizinduka siku ya pili hajui kama amezaa. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema mimba ya kwanza peke yake ni sababu mojawapo ya hatari, na mama au dada kuwahi kuugua hivyo ni sababu nyingine, ukiwa nazo mbili ndo watu wanaofikiriwa kupewa aspirini ya dozi ndogo kila siku kuanzia wiki ya 12, na inafanya kazi vizuri ikianza kabla ya wiki ya 16. (Jamani asije mtu akajinunulia akameza kisa kasoma hapa, hiyo anaamua daktari.) Kanianzishia hata hivyo pamoja na methyldopa ya kushusha presha, ila hakunificha, muda mzuri ulishapita.

Wiki ya 12 nilikuwa nimesimama mbele yao. Wiki ile ile. Swali moja tu la "mama yako alijifungua salama?" lingetosha.

Sijagusa mambo mengine. Vidonge vya vitamini ya foliki asidi nimeanza kwa kuambiwa na rafiki, na nilikuwa nimeshachelewa kwa sababu mrija ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga wiki ya 6 kwa hesabu ya hedhi, ndo maana wanasema mtu aanze maikrogramu 400 hata kabla hajabeba mimba. Tumbo lionekane ndo upewe? Kaswende inatibika kwa sindano ya penisilini, ikiachwa mtoto anaweza kufia tumboni. VVU, homa ya ini, kundi la damu, wingi wa damu, vyote ni vipimo vya siku ya kwanza. Kuna wanawake wanarudishwa na majibu yao yangebadilisha kila kitu.

Naona kuna mkuu hapo chini kashaandika manesi wamezidiwa, foleni ndefu, tuwaelewe. Naelewa kabisa, nimekaa kwenye hiyo foleni mara tatu. Kufunga mkono presha ni dakika chache. Muda wa kunigombeza mbele za watu ulipatikana.

Na dada aliyeuliza sasa hivi naendeleaje, napima presha kila wiki, jana ilikuwa 136/88, mtoto anacheza. Nimeambiwa nikiumwa kichwa kisichoisha, nikiona marue rue, nikisikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso ukivimba ghafla, niende muda huo huo hata usiku.

Kilichonifanya nilie jana ni hiki. Nilipopewa kadi nirudi nayo nyumbani nikaifungua nikiwa kwenye benchi. Kwenye sehemu ya maelezo, kwa kalamu nyekundu, wameandika "mama amechelewa kuanza kliniki". Mimi. Nimewaandikia barua wakuu wa kituo leo asubuhi, nimeweka tarehe mbili nilizorudishwa na maneno niliyoambiwa, na nimeomba kitu kimoja, hiyo sentensi ifutwe iandikwe kilichotokea. Wakijibu nitaleta mrejesho hapa hapa. Na wewe uliyerudishwa, andika chini hapo ulikuwa wiki ya ngapi.