Tupeane uzoefu: kusikiliza bendi laivu kwenye vikumbi vya mtaani

Wakuu, uzi huu ni wa wapenzi wa bendi zinazopiga laivu kwenye kumbi ndogo, zile za watu 40 hadi 100 ambako mpiga dramu yuko hatua chache tu kutoka ulipoketi. Malalamiko ni yaleyale: magita yanasikika lakini maneno ya mwimbaji hayaeleweki, besi inavuma tu, masikio yanalia hadi kesho yake. Kila moja lina sababu na lina dawa, na mara nyingi dawa yenyewe ni kusogea. Wanaojua mitambo waanze.

---

Naanza na mahali pa kukaa, maana ndipo wengi wanapojipunja. Kwenye chumba kidogo dramu haihitaji spika, inakijaza yenyewe. Magita yanatoka kwenye amplifaya zao palepale jukwaani. Anayetegemea spika kubwa ni mwimbaji, na spika hizo husimamishwa pembeni mwa jukwaa, juu ya vichwa, zikielekea katikati ya ukumbi. Sasa ukikaa mbele kabisa, katikati, sauti yake inakupita. Zile spika za chini jukwaani nazo zinawatazama waimbaji, wewe zimekupa mgongo. Unabaki na dramu na gita.

Rudi nyuma hadi wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande zinazokaribiana. Spika zikiachana mita 4, kaa kama mita 4 kutoka kila moja.

Kona na ukuta wa nyuma viepuke. Waya mnene wa gita la besi la nyuzi nne hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Likigonga ukuta linarudi na kujumlishana na linalokuja, ndiyo maana ukutani besi inavimba na kwenye kona inazidi. Ukisogea mita moja na nusu tu mambo yanabadilika.

---

Nyongeza: wengi husema kaa karibu na fundi mitambo, kwa kuwa anapanga sauti kwa masikio yake. Sawa, lakini angalia kwanza amewekwa wapi. Akibanwa kwenye kona anasikia besi iliyovimba, anaipunguza, na walio katikati wanapata muziki mwembamba.

---

Kuhusu maneno kutosikika, kusogea kuna mwisho wake. Mpiga gita akiongeza sauti, wa besi naye anaongeza, wa dramu anapiga kwa nguvu. Fundi anataka kumpandisha mwimbaji lakini spika zinapiga mluzi: sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inaingia tena. Hapo hakuna kitufe kitakachookoa. Dawa ni kushusha amplifaya za jukwaani.

Wenye kumbi, sikilizeni hili: amplifaya ikikaa sakafuni inampigia mpigaji magotini, hajisikii, kwa hiyo anaongeza, huku mstari wa mbele unaumia. Ipandisheni juu ya kiti imara au iinamisheni itazame kichwa chake. Atashusha mwenyewe.

Na waimbaji, msifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Maiki nyingi za jukwaani zimeundwa kukataa sauti inayotoka nyuma yake, na mkono ukiziba matundu uwezo huo unapotea, mluzi unaanza. Shika mpini, mdomo uwe sentimita 2 hadi 5.

---

Masikio jamani! NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha kelele kwa wafanyakazi kiwe desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Yaani desibeli 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15, na dramu kwenye chumba kidogo hufika huko bila shida. Vizibo vya sponji vinafaa vikivaliwa sawasawa: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 20 hadi 30 vitanuke. Vinakata zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo muziki unafifia. Anayehudhuria kila wiki atafute vile vya wanamuziki vyenye kichujio, hupunguza sauti zote kwa usawa zaidi.

---

Msihukumu bendi kwa wimbo wa kwanza. Vyombo hupimwa ukumbi ukiwa mtupu, na watu wakijaa miili na nguo zao zinameza sauti nyembamba. Fundi anahitaji nyimbo mbili hivi kurekebisha.

Wanaorekodi kwa simu: sauti ikikwaruza, maiki ya simu imezidiwa, rudi nyuma kabla ya kulaumu mitambo. Pia maiki ya simu nyingi iko ukingo wa chini, na ukiilaza simu kiganja kinaiziba. Ishike kwa vidole kwenye kingo zake ndefu, juu na chini.