Acheni kutupa takataka zenu kwa waathirika wa kimbunga halafu mkaziita msaada

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo atakayekwazika na avumilie.

Sisi tunaojitolea kufikisha misaada baada ya kimbunga tunasemwa kila siku. Mara tunachelewa, mara tunapendelea, mara tunakalia vitu. Haya. Ila hakuna anayeuliza tunachelewea wapi. Tunachelewea ghalani, tumeinama tunachambua uchafu wenu!

Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa "VITU MBALIMBALI". Mbalimbali gani? Unalifungua: juu koti zito la manyoya, katikati kiatu cha mchuchumio cha mguu mmoja (mwenzake sijui kabaki na nani), chini chupa ya shampuu iliyotumika nusu, kifuniko kimelegea, imemwagikia mchele ambao mtu mwingine alijinyima akaununua. Mchele mzima unanukia maua. Nani ataula? Unatupwa. Na huko tunakotakiwa kwenda daraja limesombwa, watu wanalala nje na watoto.

Gauni la harusi nalo lilikuja. Aliyelituma kama yumo humu ajitokeze atueleze aliwaza nini.

Na wala hayajaanza leo. Kimbunga Mitch kilipoipiga Honduras mwaka 1998, ilifika ndege ya misaada ikashindwa kutua kwa sababu nguo za msaada zilikuwa zimejaa kwenye njia ya ndege. Baada ya tsunami ya 2004, kule Indonesia nguo zilirundikwa ufukweni zikaoza, mwishowe zikatiwa kiberiti. Bado mnakusanya nguo!

Maji ya chupa ndiyo usiseme. Kituo cha Marekani kinachoshughulikia taarifa za maafa kilishapiga hesabu: lita 100,000, za kuwatosha watu 40,000 kwa siku moja, kuzisafirisha kutoka Marekani mpaka Afrika Magharibi ni kama dola 300,000. Mitambo ya kusafisha maji ikipelekwa eneo husika inatoa kiasi kilekile kwa dola 300 hivi. Lakini pesa hamtaki kutuma, eti zitaliwa.

Najua mtaniletea habari za Puerto Rico. Ni kweli, Januari 2020 wananchi wa Ponce walivunja ghala wakakuta maji na vitanda vya kukunja vimekaa tangu kimbunga Maria cha 2017, na mkuu wa idara ya maafa akafukuzwa kazi. Aibu tupu. Sasa hilo linahalalisha vipi wewe kuniletea nguo za ndani zilizochakaa?

Kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, barabara zilikatika, watu wakawa juu ya mapaa na miti wakisubiri boti na helikopta. Hali ikiwa hivyo kila kilo ina hesabu yake. Ukipakia koti la manyoya, umeshusha turubai. Umeshusha sabuni, sodo, nepi, dawa ya kusafishia maji, sufuria. Hivyo ndivyo watu wanavyoviulizia tukifika, na ndivyo tunavyoishiwa mapema kuliko vyote.

Halafu kuna wenzetu wa fulana mpya na kamera. Wanakuja bila kumtaarifu mtu, gari lao linaziba njia nyembamba iliyobaki, wanawapanga kina mama mstari wapigwe picha wakipokea ndoo, jioni wameondoka. Huo mtaa uliopigwa picha unapata ndoo mara tatu, wa ng'ambo ya mto haupati hata moja. Lawama tunabebeshwa sisi tuliobaki.

Basi kama una boksi hujalituma, lifungue. Toa takataka, andika nje kuna nini, ngapi, saizi gani. Kitu kimoja boksi moja. Na kabla hujatuma, piga simu uulize tumepungukiwa nini. Dakika moja tu!

Kuna lori jingine linaingia kesho asubuhi. Nimempigia dereva kumuuliza kabeba nini, kanijibu: "Vitu mbalimbali, bosi."