Tupeane uzoefu: imeili yako ya mwanzo uliifungulia wapi?

Mkunazini Juu
Asalaam aleikum wadau. Jana kijana wangu kanuna video inakwama, nkamwambia weye nyamaza, sie tukisubiri ukurasa wa Yahoo ufunguke mpaka chai inapoa. Basi tupeane uzoefu, imeili ya mwanzo uliifungulia wapi?

Mie nianze. Mwisho wa miaka ya tisini, kakafe kadogo uchochoroni Mji Mkongwe, kompyuta hazizidi tatu, watalii wamejaa, mwenyewe ana daftari anaandika saa ulokaa na saa uloinuka. Laini ni ya simu hiihii ya mezani, modemu inalia wiii kraaa, mtu wa chumba cha pili akiinua mkono wa simu ushakatika, anza upya, na dakika zinahesabiwa. Kwa hiyo barua naiandika nyumbani kwa kalamu, kule nikifika ni kuinakili mbio mbio. Kaka yangu Maskati akilalamika mbona unaandika kama telegramu, namwambia telegramu rahisi kuliko hii. Na hiyo Hotmail MB 2 tu, watu wakikutumia picha za harusi boksi limejaa, barua nyengine zote zinarudi kwa wenyewe.

BintiWete
Nyie wa Unguja mlikuwa Ulaya! Pemba wakati huo umeme wetu wa majenereta, waya wa baharini kutoka Tanga umekuja 2010. Sie ukoo mzima tulikuwa na anuani moja, ya ami yangu alokuwa na kazi ya ofisi Chake. Anazipokea, anaziprinti, anazikunja nne, anaandika jina juu kwa kalamu nyekundu anampa konda wa gari ya Wete. Sasa barua ya mchumba wangu alokuwa Dubai inanifikia ishasomwa na ami, na konda, na nna hakika na abiria wa siti ya mbele. Siku moja konda ananipa karatasi ananambia "kasema atakuja baada ya Idi" 😂😂 nimeolewa naye lakini, alhamdulillahi.

Mzee wa Kliniki
Wanangu nyie mmekuja kwenye raha. Mie nlikuwa Dar kwa masomo ya udaktari mwanzoni mwa tisini, hakuna kurasa hakuna picha, ni maandishi matupu. Fidonet tukiiita, barua zinakusanywa kwenye kompyuta moja halafu usiku inaipigia simu nyengine wanabadilishana, simu ya usiku nafuu. SatelLife, shirika la mawasiliano ya afya, nao wakawa na setelaiti ndogo ya madaktari, HealthSat-2, ilirushwa 1993, inazunguka chini chini, unasubiri ipite juu yako ndo utume na upokee. Ikishapita basi, ngoja irudi. Lakini makala ya kitabibu ukiipata hivyo unaisoma mpaka nukta.

Fundi Dishi
Hapo ndo mjue kwa nini kafe za baadae zilikuwa na dishi kubwa juu ya paa na bado nzito. Setelaiti zile ziko kama kilomita 36,000 juu, ukibonyeza kitu kinapanda kinashuka Ulaya au Marekani, jibu nalo linapanda linashuka, nusu sekunde ishakwenda na ukurasa mmoja una maswali na majibu chungu nzima. Na bei ya hewani msiniulize, laini moja tunaigawa kafe nzima, mmoja akianza kushusha nyimbo wengine wote wanamgeukia.

Kichekesho ni 2009. Julai kebo ya SEACOM, ya intaneti inopita chini ya bahari, ikaanza kazi Dar, tukasema haya sasa tumepona, Disemba umeme wa Unguja ukazimika miezi mitatu! Na 2008 tulishakaa gizani kama mwezi. Kafe zilobaki ni zenye jenereta, nusu ya wateja wanakuja kuchaji simu tu.

Mkunazini Juu
@BintiWete huyo konda yupo bado? Mwambie aje naye atupe uzoefu wake, yeye ndo kasoma nyingi kuliko sote. Wa Makunduchi na Nungwi mbona kimya?