Game of Thrones au The Rings of Power: nianze na ipi?

Bando_Kiduchu: Wakuu, nina likizo ya wiki mbili na bando la kuhesabu. Nimebaki na tamthilia hizo mbili. Jamaa wa kazini anasema The Rings of Power ni tamu kwa macho. Mimi hadithi naitaka pia. Naombeni ushauri.

Mzee_wa_Misimu: Game of Thrones, mkuu. Msimu wa kwanza (2011) hela ilikuwa ya mawazo, na ndiyo raha yake. Kuna vita kubwa, Tyrion, mmoja wa wahusika wakuu, anagongwa nyundo kichwani na wapiganaji wake mwenyewe hata hajaanza kupigana. Anazinduka, vita imeisha! Bajeti haikutosha kuionyesha. Lakini sehemu ya tano, Mfalme Robert na mkewe Cersei wanakunywa mvinyo na kuzungumzia ndoa yao iliyooza. Watu wawili tu, chumbani. Nimeirudia kuliko vita yoyote. Ila usiiwashe sebuleni wakwe wakiwepo.

Dada_Ngamiani: Mbona husemi walivyoishia? Msimu wa nane, 2019, vita ya ngome ya Winterfell. Usiku 55 walipiga picha, na mimi nimefunga mapazia, nimezima taa, bado nauliza "nani kafa hapo?" Giza tupu.

Kibanda_Umiza: Niitetee The Rings of Power. Msimu wa kwanza (2022) unazurura, sibishi. Lakini fika sehemu ya sita: upanga unazungushwa kama ufunguo, bwawa linaachia, maji yanapita kwenye mahandaki mpaka tumboni mwa mlima, mlima unalipuka. Galadriel, yule shujaa wa kike, kasimama, wingu la moto linamjia. Sio fataki zile, ndiyo Mordor, nchi ya giza, inazaliwa! Na msimu wa pili Sauron, yule mwovu mkuu, anamzuga Celebrimbor, fundi wa pete: mji unateketea nje, yeye anaona amani tupu, mpaka anashtukia panya anayepita vilevile kila mara. Panya tu, nikasisimka mwili mzima.

Mzee_wa_Misimu: Panya nakupa. Ila yuko sehemu ya 15, bando la mwenzako litakuwa limeshakata.

Bando_Kiduchu: Na ya kwako ina sehemu ngapi?

Mzee_wa_Misimu: 73.

Bando_Kiduchu: 😂 Mnaniua.

Dada_Ngamiani: Chukua msimu wa kwanza wa Game of Thrones peke yake, sehemu 10 tu, hata picha ikiwa hafifu maneno utayasikia. Ile ya mlima ngojea wifi ya mtu.

Bando_Kiduchu: Nimemaliza sehemu ya kwanza sasa hivi. Mtoto kasukumwa dirishani halafu wanakata hapohapo?! Nanunua bando lingine.