Shimo langu la choo halijajaa miaka 9, fundi anataka nijenge la kisasa. Kuna haja?

jongoo_wa_pwani:
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba huku Kigamboni, kutoka ukuta wangu mpaka mchanga wa pwani ni hatua kama 60 hivi. Wakati najenga fundi alinichimbia shimo la choo futi 15 kwenda chini, pembeni akapanga tofali zenye matundu, chini hakumwaga zege, juu mfuniko basi. Miaka 9 sasa sijawahi kuita gari la majitaka hata siku moja, majirani wa kule juu kila baada ya muda wanalipia gari lije kunyonya mi nawacheka tu. Sasa tangu mwezi uliopita maji ya kisima (kipo nyuma ya nyumba, kutoka shimoni ni kama mita 12) yana harufu kama yai viza, ukiyalaza kwenye ndoo asubuhi ndoo inateleza. Ya kunywa tunanunua lakini wife aliosha mchicha kwa hayo maji, watoto wakaharisha siku tatu. Fundi mwingine kaja kaangalia anasema nifukie shimo nijenge septiki ya vyumba viwili au ninunue bayodaijesta (tangi la kuozesha uchafu wa choo kwa bakteria), bei aliyonitajia nikakaa chini. Swali langu, shimo ambalo halijai lina ubaya gani? Si bora nichimbe tu kisima kingine kule mbele niachane na hizi gharama?

chura_mstaafu:
Mkuu mpo wangapi hapo ndani? Tuseme 6. Kila mtu amwage lita 50 tu kwa siku, kuoga kufua na chooni, hizo ni lita 300, kwa mwaka zinapita laki moja, miaka 9 inakaribia milioni. Shimo lako la futi 15 likijaa mpaka mdomoni sana sana linabeba lita elfu kumi. Sasa zilizobaki zimeenda wapi? Nyingine umeogea 😂
Samahani kwa utani lakini mi nimetapisha vyoo vya watu mjini hapa miaka mingi, wanajua wenyewe kwa nini tuliitwa vyura, na shimo lisilojaa pwani ndio la kuogopa kuliko linalojaa. Linalojaa angalau uchafu upo unauona.

fundi_karo:
Chura kamaliza ila niongezee upande wa ufundi. Huko ulipo chini ni mchanga halafu jiwe la matumbawe lenye nyufa, maji yapo karibu sana na yanatembea na bahari. Bamvua ya hapa Dar maji ya bahari yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo mtu aliyekupimia shimo wakati wa maji mafu (siku bahari inapanda na kushuka kidogo) amekudanganya bila kujua, siku ya bamvua lile shimo lako linaogelea. Kanuni ya kawaida wanasema choo kikae mita 30 kutoka kisimani na kitako chake kibaki juu ya usawa wa maji ya ardhini angalau mita moja na nusu. Wewe una 12, na kitako kipo majini. Na kwenye jiwe lenye ufa hata hizo 30 usilale nazo usingizi, kwahiyo kisima kipya sio jibu.
Kwa hiyo usichimbe kwenda chini, panua. Septiki isiyovuja, zege chini na plasta ya maana ndani, uchafu mzito utuame chumba cha kwanza, maji yapite cha pili, halafu yaende kwenye mtaro mrefu wa kokoto usio na kina, sio shimo lingine refu, maana hapo utakuwa umerudi kulekule. Bayodaijesta sio mbaya ila anayekwambia halijai milele muulize swali moja tu, maji yanatokea wapi? Akisema yanaishia ardhini jua una shimo lilelile limevaa suti.
Na ukichagua tangi la plastiki lifungwe kwenye zege. Kuna mteja mmoja alinibishia, tukalifukia kiangazi, masika akaita gari wakalinyonya likabaki tupu, kesho yake asubuhi nakuta limechomoka ardhini limekaa juu kama boya na mabomba yamekatika.

mbeba_boksi_NY:
Nipo Long Island, New York, kampuni ninayobebea boksi inafunga hii mitambo kwa hiyo naongea ninachokiona. Msidhani ni shida ya maskini, huku wilaya ya Suffolk nyumba laki kadhaa hazina mabomba ya majitaka na nyingi zina mashimo kama la jamaa, mchanga mtupu chini. Kuanzia 1985 ghuba zikawa za kahawia kwa mwani mdogo sana wa baharini, kombe wa ghuba ya Peconic wakafa na kazi ya kuwavua ikafa nao. Naitrojeni ya vyooni ni moja ya kinacholisha huo uchafu. Na septiki ya kawaida haiitoi, inatuamisha kinyesi tu, naitrojeni inapita na maji. Ndio maana tangu 2021 nyumba mpya kule lazima iwe na mtambo unaopuliza hewa chumba kimoja na kukinyima hewa kingine, bakteria wanaigeuza inaondoka kama gesi. Hawaii nao wana mashimo zaidi ya 80,000, sheria ya 2017 inataka yaishe kabla ya 2050.
Halafu mkuu usimwambie wife achemshe tu. Ukichemsha unaua vijidudu, naitreti (ile naitrojeni ya chooni ikishageuka ndani ya maji) haitoki, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi.

mama_wawili_ferry:
Mbeba boksi hiyo pampu ya hewa na umeme huu wetu?? Na huko serikali inawachangia, hapa nani atanichangia mimi? Kuna njia isiyotaka umeme, unapitisha maji ya septiki kwenye bwawa la kokoto lililopandwa matete, mizizi na bakteria ndo wanafanya kazi, Chuo Kikuu cha Dar walishughulika na hayo mambo miaka mingi. Eneo linatakiwa tu, na usiruhusu watoto kuchezea. Majirani watatu mkichanga mnajenga moja.

jongoo_wa_pwani:
Nimerudi wakuu. Jana bamvua, nikafunga jiwe kwenye kamba nikapima kisima na shimo, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kamba ya kisimani maji yamepanda shibiri mbili na vidole vitatu. Ya shimoni shibiri mbili na vidole vitatu. Nimekaa pale kwenye mfuniko nikaangalia ile kamba muda mrefu sana.
Kisima nimekifunga tangu jana hiyo hiyo. fundi_karo mtaro wa kokoto kwa watu 6 urefu gani, maana nyuma nimebaki na mita 8 tu mpaka ukuta? Na jirani mmoja kakubali kuchanga wa pili anasema lake halijawahi kujaa.