Nani ampime nesi: yeye mwenyewe au mgonjwa?

Wadau wa afya Kigoma, naleta hoja. Wapo wanaotaka wauguzi wapimwe umahiri wa kuhudumia watu wa mila mbalimbali. Hilo sipingi, napinga kipimo. Kinachotajwa sana ni dodoso la Josepha Campinha-Bacote wa Marekani, toleo la 2002: sentensi 25, kila moja alama 1 hadi 4, ukifikisha 75 unahesabiwa mahiri. Anayejaza ni nesi mwenyewe. Jamani, nani atajiandikia kwamba anadharau mila za watu?

Twende leba. Mama amekunywa dawa ya mitishamba ya kuongeza uchungu kabla hajatoka nyumbani. Asiposema, kisha akatundikiwa dripu ya uchungu, kizazi kinaweza kupasuka. Nesi mmoja anafoka, "Umekunywa nini wewe?" Anajibiwa: maji. Mwingine anangoja mama mkwe atoke, anauliza taratibu, anaambiwa kila kitu. Hapo ndipo pa kupima, na wa kuulizwa ni mgonjwa.

Muuguzi, Kasulu: Muulize mama aliyelala wodini. Atakwambia "vizuri tu, Mungu awabariki", maana kliniki atakutana na nesi yuleyule. Halafu usiku niko peke yangu, wazazi wamejaa hadi sakafuni. Huo utaratibu wa kungoja mkwe atoke nitaupatia wapi? Pimeni ikama kwanza, yaani kama wauguzi tunatosha.

Mkazi wa Ujiji: Ikama sawa. Ila kumtukana mzazi hakuokoi hata dakika moja.

Nimefanya kazi Nyarugusu: Kambi ile ya wakimbizi ilianza 1996, imepokea Wakongo na Warundi. Muha na Mrundi wanaelewana, lugha zao ni jirani. Mbembe wa Kongo akikutana na nesi kutoka Moshi, wote wanakimbilia Kiswahili. Hofu yangu ni semina zinazofundisha "Waha wako hivi, Wabembe vile". Nesi anatoka na orodha kichwani, haulizi tena. Ukimpima, anapata alama za juu!

Mleta hoja: Hilo la wodini nimelikubali, mgonjwa hawezi kusema. Basi aulizwe nyumbani, arobaini ikishapita, na mtu asiyetoka kituo kile, na jina la mama lisiandikwe. Swali liwe la tukio: uliulizwa umetumia dawa gani? Ulisema ukweli? Kama hukusema, kwa nini? Dada wa Kasulu, ukiongezewa wenzako zamu ya usiku, kipimo hicho utakikubali?

Muuguzi, Kasulu: Nitakikubali. Ila waje wao kwanza, dodoso lifuate.